Moshi wa Makwasinyi

Gertrude alipoolewa na Elijah Mwandawiro, hakuna aliyemwambia kwamba mumewe hakuogopa kelele, bali aliogopa kelele zikikatika. Alikuja kuligundua mwenyewe, katika nyumba yao pale Voi, karibu na stesheni. Gari la moshi lilipita likitetemesha masufuria ukutani, na Elijah akaendelea kunywa chai yake bila wasiwasi. Lakini mashine ya kusaga unga ya jirani ikizimwa ghafla, aliganda na kikombe mkononi, macho yakihangaika huku na huku kama ya mtu anayetafuta mahali pa kuangukia.

"Kuna nini?" Gertrude alimuuliza siku ya kwanza alipomwona hivyo.

"Hakuna kitu. Nasikiliza tu."

Ilipita miaka kabla hajamweleza alichokuwa akisikiliza.

Elijah alizaliwa Makwasinyi, chini ya mlima wa Kasigau. Aliyempokea duniani alikuwa Wakesho, jirani yao, mjane asiyejaliwa mtoto. Mama yake Elijah alipofariki, Wakesho alimchukua akamlea kama mjukuu wake wa damu. Wamishenari walipombatiza wakampa jina la Elijah, lakini Wakesho hakulitumia hata mara moja. Kwake yeye alikuwa Mwandawiro, basi. Alipokuwa kijana alishuka Voi akaajiriwa katika duka la Badawy, mfanyabiashara kutoka pwani, na humo ndimo Kiswahili chake kilimonyooka.

Vita vya Wazungu vilipofika, Waingereza walianza kujenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta, na huko Maktau wakafyeka pori kubwa wakatengeneza uwanja wa ndege. Watu wa milimani walishuka kwenda kuangalia tu. Elijah alikwenda akabaki. Kazi yake ilikuwa kusukuma ndege, kubeba madebe ya petroli, na kufuta mafuta ya nyonyo ambayo injini iliyatapika kila mahali. Mwili wake wote ulinuka nyonyo. Kwa kuwa alijua Kiingereza kidogo cha misheni, marubani walimtumia pia kama mkalimani.

Akiwa huko ndipo habari za nyumbani zilipomfikia. Wajerumani walikuwa wamepita Kasigau na kuwashambulia askari wa Kiingereza, na wakubwa wa vita wakaamini kwamba wenyeji ndio waliowaonyesha njia. Watu wa mlima mzima walikusanywa, wazee kwa watoto. Nyumba zao zilitiwa moto, nao wakapelekwa pwani. Elijah aliuliza kila msafiri kama alimwona Wakesho katika msafara ule. Hakuna aliyeweza kumwambia.

Baadaye kidogo, rubani mmoja aliyeitwa Bwana Donald alimwita. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, mwenye makovu ya kuungua kwenye vidole.

"Wewe ni wa Kasigau," alisema. "Wajerumani wanarudi kule kuchota maji. Nataka kujua visima viko wapi. Utapanda nami, utanionyesha kwa kidole."

Elijah alikubali. Hakukubali kwa ushujaa. Alitaka kuona nyumbani.

Waliruka asubuhi. Kiti chake kilikuwa mbele, na injini iliunguruma karibu na uso wake kiasi kwamba hata mawazo yake mwenyewe hakuyasikia. Chini yake nchi aliyoizoea kwa miguu ilikuwa imelala kama ngozi iliyoanikwa. Aliuona mlima ukija, akaonyesha kisima kimoja, kisha kingine. Bwana Donald aliitikia kwa kichwa. Waliuzunguka mlima, na hapo injini ikakohoa.

Ilikohoa tena, ikatetemeka, ikanyamaza. Panga la mbao lililokuwa likizunguka mbele lilipunguza mwendo, likaonekana umbo lake, kisha likasimama kabisa.

Elijah alimwambia Gertrude kwamba ukimya ule ndio uliomwingia mifupani. Hakukuwa na sauti duniani isipokuwa upepo uliopiga mluzi katika nyaya za mabawa. Kisha ndege ikainamisha pua yake chini, na akajua kwamba Bwana Donald amekata tamaa na anawaua.

Aligeuka. Bwana Donald hakuwa amekata tamaa. Mkono wake mmoja ulikuwa unafunga petroli, akazima umeme wa injini ili wasije wakaungua, mkono mwingine umeshika usukani bila kutetemeka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeishusha pua. Kwa kuwa injini ilikuwa imekufa, kwa mara ya kwanza waliweza kusikiana.

"Nikiiinua itakosa mwendo ianguke kama jiwe," alisema, kwa sauti ile ile ya kuagiza chai. "Acha iteremke. Maktau hatufiki, wala sitajaribu. Nahitaji shamba tambarare. Liko wapi?"

Elijah alionyesha mashamba ya mahindi ya Makwasinyi. Mashina yalikuwa yamekauka yamelala chini. Hakuna aliyevuna.

"Vizuri. Sasa upepo. Lazima nitue nikiukabili, la sivyo hatutasimama. Tafuta moshi uniambie unaelekea wapi."

Elijah alichungulia. Asubuhi kama ile, katika maisha yake yote, Makwasinyi ilikuwa na moshi katika kila boma. Wakesho alizoea kusema kwamba anajua nani kagombana na mkewe kwa kutazama moshi wa nani umechelewa. Sasa aliona duara nyeusi tu, moja baada ya nyingine, mahali palipokuwa nyumba. Kijiji chote kilikuwa mahame. Alitafuta moshi kwa watu ambao hawakuwapo, na alitaka kulia, na ardhi ilikuwa inapanda kuja.

"Moshi, Elijah."

"Hakuna watu, Bwana. Mliwaondoa."

 Bwana Donald aliendelea kuizungusha ndege taratibu, bila kuilazimisha, akitazama nyasi, akitazama vumbi. Nyasi hazikumwambia kitu, kwa maana upepo wa chini ya mlima huzunguka huku na huku. Kisha Elijah akauona. Ulikuwa uzi mwembamba wa moshi, ukitoka kwenye moja ya zile duara nyeusi, ukipanda kidogo na kulalia upande wa mlimani.

"Pale," alisema. "Unaelekea mlimani."

"Basi tunaingilia kutoka mlimani," alisema Bwana Donald, naye akailaza ndege kwa bawa moja karibu na miamba, akainyoosha, akashuka. Matawi ya mgunga yalikwaruza tumbo la ndege. Magurudumu yaligusa, yakaruka, yakagusa tena. Ekseli ilivunjika, bawa likainama likalima udongo, wakasimama kwa mtikiso uliompasua Elijah mdomo.

Bwana Donald alishuka, akatembea nyuma walikotoka mpaka upande wa pili wa shamba, kule ambako wangeishia kama wangetua kinyume. Elijah alimfuata. Palikuwa na korongo refu lililojaa mawe, lililofichwa na vichaka. Bwana Donald alilitazama kwa muda, kisha akaketi chini pale ukingoni. 

Wakesho alikuja akichechemea kati ya mashina ya mahindi, ameshika panga.

"Mwandawiro," alisema. "Kumbe ni wewe uliyenipigia kelele juu ya kichwa."

Alikuwa amekonda sana. Askari walipokuja kukusanya watu, alikuwa juu mlimani akitafuta kuni, na mguu wake mbovu ulimchelewesha. Aliporudi alikuta majivu. Tangu siku hiyo aliishi kwa mbaazi za mashamba ya wenzake, akilala pangoni. Na kila asubuhi alishuka kuwasha moto katika boma mojawapo, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

"Kwa nini, Nyanya?" Elijah aliuliza.

"Mafiga yakikaa baridi muda mrefu, nyumba inasahau watu wake. Leo ilikuwa zamu ya kwenu."

Elijah alitazama mahali moshi ulipotoka. Hakuwa ameitambua nyumba alimozaliwa.

Wakesho aliwapa mbaazi za kuchemsha kwenye kigae. Bwana Donald alikula kwa vidole vyake vyenye makovu, akasema ahsante, akavua skafu yake akamfunika mabegani. Kisha akafungua mrija wa petroli, akatoa ndani yake uchafu mdogo kama punje ya mtama, akauweka kwenye kiganja na kumwonyesha Elijah kilichoizima injini.

Jua lilikuwa halijapinduka walipotokea askari wa farasi kutoka kambi ya Mraru. Walikuwa wameiona ndege ikishuka. Sajini wao alifurahi kumkuta Bwana Donald mzima, kisha akamwona Wakesho, akauona na moto.

"Huyu ndiye anayewapa adui ishara," alisema.

Bwana Donald alimweleza. Alisema moshi ule ndio uliowaokoa, kwamba mama huyu ni mzee, ni mlemavu, hana ishara yoyote. Alizungumza muda mrefu, na mwishowe akapandisha sauti. Sajini alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema amri ni amri, hakuna mtu anayeruhusiwa kubaki Kasigau. Alimgeukia Elijah.

"Mwambie amekamatwa kwa ujasusi. Mwambie akikimbia atapigwa risasi."

Elijah alimtazama Wakesho. Wakesho alimtazama yeye, akisubiri.

"Nyanya," Elijah alisema kwa lugha yao, "hawa wamekuja kukupeleka kwa wenzako. Wako pwani wote. Wanakuulizia."

Uso wa Wakesho ulifunguka. Alirudi kwenye moto, akaufukia vizuri kwa majivu ili makaa yasife upesi, akachukua kibuyu chake. Alipopandishwa juu ya farasi alicheka, kwa kuwa hakuwahi kupanda mnyama.

"Ni wewe uliyewaleta?" alimuuliza Elijah.

Elijah aliitika kwa kichwa. Walimpeleka Voi, na kutoka hapo akapandishwa gari la moshi.

Bwana Donald alirudi Maktau na Elijah. Baada ya siku chache alipewa ndege nyingine akaendelea na kazi, na Elijah akaendelea kubeba madebe. Hakuna aliyemwomba kupanda tena, naye hakuomba. Vita viliposogea mbele kuelekea mji wa Moshi, marubani waliondoka navyo. Elijah alirudi Voi akapata kazi stesheni.

Watu wa Kasigau hawakurudi upesi. Joto na homa za pwani ziliwamaliza wengi, na waliosalia walirudi kidogo kidogo baada ya vita, wengine wakiletwa kukaa upande mwingine wa Taita kwanza. Elijah alikuwa stesheni kila gari la kutoka pwani lilipoingia. Hatimaye alishuka Tryphena, mwanamke wa rika lake ambaye walicheza pamoja utotoni. Alikuwa amewazika mumewe na watoto wake huko pwani. Elijah alimpeleka nyumbani, na Gertrude akampikia. Ni siku hiyo Gertrude alipoisikia habari yote, nusu kwa mgeni aliyeketi na bakuli la uji magotini, na nusu kwa mumewe usiku, mgeni alipolala.

"Wakesho alifika," Tryphena alisema. "Alifika peke yake, na skafu ya Kizungu shingoni. Hakukaa sana. Mvua za kwanza zilimchukua."

Tryphena alikunywa uji kidogo, akaendelea.

"Lakini alikuwa na furaha kuliko sisi sote. Alituambia wewe ulishuka kutoka mbinguni ukala mbaazi zake. Tulidhani homa imempanda kichwani. Akasema uliona yuko peke yake, ukawatuma wale askari wamlete kwetu. Aligombana na kila asiyemwamini." Tryphena aliweka bakuli chini. "Nimekuwa nikitaka kukuuliza, Mwandawiro. Ilikuwa kweli?"

Nje, mashine ya jirani ilikuwa inasaga. Elijah aliisikiliza. 

"Nilikula mbaazi zake," alisema.

Tryphena alingoja aendelee.  Basi Gertrude akainuka, akamwongezea mgeni uji.