Fanksheni ya Kina Mama wa Ulemo

Tangu saa mbili asubuhi nilikuwa nimekaa ndani ya ghala la Ulemo, kompyuta juu ya kreti la soda, mlango umezibwa na watu. Hata kwenda chooni ningeomba njia. Nje lilisimama lori la mbegu za alizeti. Dereva alishasema saa sita anaondoka kwenda kijiji kingine, na bila orodha hashushi hata mfuko mmoja.

Orodha ilikuwa haitoki. Ofisini tuliiita “dirisha”: unafungua kanzidata ya wakulima wa mkoa, unataja kijiji, majina yanatokea. Ndani ya dirisha hilo nilipachika fanksheni yangu, kijiprogramu cha kuoanisha majina. Huku kwetu mama akishazaa, jina lake hubaki kwenye kitambulisho. Kijijini anaitwa kwa jina la mtoto. Bila fanksheni hiyo angeitwa jina ambalo hata jirani halijui, na mbegu zingempita. Niliiandika nikimfikiria mama yangu, nikajisifu. Ofisini Mandewa, kwa wakulima wachache wa majaribio, ilikimbia vizuri tu; hapa ilikuwa imeikwamisha orodha.

“Itoe hiyo takataka yako,” bosi aliniambia kwenye simu. “Orodha itatoka sasa hivi.”

“Nikiitoa, kina mama hawatajulikana, bosi.”

“Na lori likiondoka, watajulikana?”

Nikiitoa ningewapoteza kina mama, nikiiacha ningewapoteza wote. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nilikuwa chini kabisa, nimemkasirikia kila mtu, hata bibi mmoja aliyekuwa akinichungulia kwa upole.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Bado tu, mjukuu wangu?”

“Bado.”

Saa tano na nusu nilianza kuifuta fanksheni. Nje mwenyekiti wa kijiji alikuwa akifoka: “Kitongoji cha mlimani kwanza, simameni kando! Wengine kaeni. Siwezi kuulizana majina na kijiji kizima!”

Nikaacha kufuta. Kanzidata yangu ilikuwa inaulizana majina na mkoa mzima. Iliiita fanksheni kwa kila mkulima, kuanzia Manyoni hadi Mkalama, ndipo ichuje wa Ulemo. Kosa lilikuwa langu: sikuitangaza fanksheni kuwa haibadilishi kitu na jibu lake haligeukigeuki. Kanzidata isipoambiwa hivyo huhofia kwamba huenda inabadilisha kumbukumbu, haithubutu kumruka hata mkulima mmoja. Lilikosekana neno moja tu. Nililiandika huku nikijitukana, nikafungua dirisha upya, na majina ya Ulemo yakashuka papo hapo.

Mwenyekiti alichukua kompyuta, akasoma jina la kwanza kama lilivyo kwenye kitambulisho. Hakuna aliyeitika. Akasoma lile la pembeni, “Mama” na jina la mtoto. Yule bibi akanyoosha mkono.

“Nipo, baba. Tangu alfajiri nipo.”