Dobi wa Doha aliyekataa jezi za bure

Mvuke unafuka kutoka kwenye mashine ya kupiga pasi, na Laban Wekhomo anaupokea usoni kama mtu anayesalimiwa na jirani. Shuka linaingia upande mmoja likiwa na makunyanzi, linatoka upande wa pili limenyooka. Analikunja, analiweka juu ya mengine, anavuta lingine.

Ni Alhamisi mchana, Novemba 2014, katika chumba cha dobi chini kabisa ya hoteli moja ya ufukweni jijini Doha. Wageni wa ghorofa za juu wanalala juu ya kazi yake kila siku na hawajui kama yupo.

"Wao wana bahari dirishani, mimi nina mvuke wa bure," anasema na kucheka. Analipwa riyali 1,400 kwa mwezi, na nusu yake huenda kwa mkewe na watoto huko Webuye, magharibi mwa Kenya.

Lakini leo akili ya Laban haiko kwenye mashuka. Kesho jioni wachezaji wake wataamua kama timu aliyoiunda itaendelea kuitwa Linas, au itachukua jina la kampuni moja ya ukandarasi inayoahidi basi, viatu na jezi mpya. Yeye ameshaamua.

"Hilo jina sibadilishi hata kwa ndege, wacha basi," anasema, na safari hii hacheki.

Linas ya kwanza haiko Doha. Iko Lauksta, mji mdogo wa Lithuania, nchi iliyo kando ya Bahari ya Baltiki, ambako mwezi Machi theluji bado haijaaga. Kwa lugha ya huko, linas ni kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa kuwa kitambaa. Wafanyakazi wa kiwanda cha kusokota nyuzi hizo waliunda klabu ya kandanda miaka ya hamsini. Wakaipa bluu ya ua la kitani, na kijivu cha uzi kabla haujapaushwa.

Laban alifika huko mwaka 2003, akiwa na miaka ishirini na miwili.

"Wakala aliniambia naenda Ubelgiji. Tukatua, naona kila mtu amevaa kofia ya manyoya. Nikauliza, Ubelgiji ndio hii? Hao watu walicheka mpaka machozi."

Hakuwa nyota. Alikuwa beki wa kushoto mwenye mbio nyingi na krosi zilizopotelea nyuma ya goli. Mwenyewe anakiri, kwa hiyo hapa hatumsingizii.

Siku ya kwanza, mtunza vifaa wa klabu, mama mmoja aitwaye Danute aliyewahi kuwa mshonaji kiwandani, alimpa jezi isiyo na nembo. Juu yake aliweka kipande cha kitani kilichotariziwa ua la bluu, sindano na uzi.

"Nikamwambia, mama, mimi ni mchezaji, si fundi wa nguo. Akaniambia hapa asiye na nembo hachezi, na nembo haishonwi na mtu mwingine. Nilijidunga vidole mpaka nikaona nyota. Ua likakaa upande. Akalitazama, akasema, sawa, hilo ni lako."

Ndiyo desturi ya Linas tangu enzi za kiwanda. Kila mchezaji hushona nembo yake kwa mkono wake. Anayeondoka huifumua mwenyewe na kuikabidhi mkononi, mbele ya wenzake. Hakuna kuondoka kwa barua wala kwa simu.

Kiwanda kilifungwa miaka ya tisini. Klabu ikabaki. Mwaka 2006 akatokea tajiri wa saruji kutoka mji mkuu, akainunua, akaipa jina la kampuni yake na kuchapisha nembo mpya kwa mashine. Danute akaweka funguo za stoo mezani akaenda nyumbani. Mashabiki wakaendelea kulipa kiingilio, ila wakawa wanasimama dakika zote tisini wameupa uwanja mgongo.

"Wewe unacheza, unatafuta mtu wa kukushangilia, unaona makoti tu," anakumbuka Laban. "Iliniuma. Nilidhani wanatuchukia sisi wachezaji. Baadaye ndio nikaelewa."

Alielewa mwaka 2008, saruji ilipofilisika. Klabu ikafutwa kwenye daftari la ligi, na Lauksta hakuna aliyelia. Kilichokufa kilikuwa timu ya saruji. Linas yenyewe watu walikuwa wameihifadhi majumbani mwao, na kiangazi hichohicho wakaianzisha upya katika ligi ya chini kabisa, kwenye uwanja wa nyuma ya shule. Danute akarudi na mkebe wake wa sindano.

Laban alirudi Kenya na goti bovu. Mwaka uliofuata kiwanda cha karatasi cha Webuye nacho kikasimama.

"Timu iliyonifunza mpira ilikuwa na jina la kiwanda. Kiwanda kikafunga lango, timu ikaenda nacho. Watoto wa siku hizi ukiwatajia hawaijui. Nilisimama pale barabarani nikawa na hasira, hasira ya kweli. Yaani watu wazima tulikosa hata jina la kubaki nalo?"

Hasira hiyo alisafiri nayo hadi Doha mwaka 2010. Mwaka mmoja baadaye alikuwa amekusanya walinzi, madereva na wahudumu wa hoteli, Wakenya, Watanzania na Waganda, akawaingiza katika ligi ya Ijumaa ya wafanyakazi. Alimpigia simu Danute kuomba ruhusa ya jina. Mama akamtumia bahasha nene ya vipande vya kitani vyenye ua, na sharti moja tu: kila mtu ashone mwenyewe.

Ukitaka kucheka siku yako ikiwa mbaya, mtazame mlinzi mwenye mabega mapana akilitafuta tundu la sindano. Hata hivyo walishona. Misimu mitatu wamecheza na maua yaliyokaa pembe zote za dunia, na kombe hawajagusa.

Ijumaa inafika, siku ya mapumziko huku. Waliokuwa kanisani Mesaimeer wanakuja na suruali zilizopigwa pasi, waliotoka swala ya Ijumaa wanakuja na kanzu wamezikunja begani. Wachezaji kumi na watano, ukimhesabu Laban, wanakaa juu ya mchanga wa uwanja wao huko Al Wukair.

Eugene, Mganda anayeshughulikia ustawi wa wafanyakazi katika ile kampuni, anashuka garini na katoni mbili. Ni kijana mpole, na jezi alizoleta ni nzuri. Tusidanganyane, ni nzuri sana.

"Ssebo, bwana wangu, hizi hazina kazi ya sindano," anamwambia Laban, akiipapasa nembo ya kampuni. "Imechapishwa, ufue mwaka mzima haitoki. Leo mnavaa tu."

"Na ua letu?"

"Bosi anasema nembo moja inatosha."

Nahodha wa timu ni Hamza Kidungwe, dereva kutoka Tanga. Ndiye anayesimama.

"Kaka Laban, mimi nakuheshimu, na wallahi hili nalisema mbele yako, si nyuma yako. Wewe hoteli yako iko mjini. Vijana wa Umm Salal, kule mbali, wanachangishana teksi kila wiki, wanafika hapa washachoka. Mwenzao akikosa nauli, anakosa mechi. Jina halimfikishi mtu uwanjani."

Laban anachora mchanga kwa kidole.

"Hapo umesema kweli, Kapteni," anasema. "Lakini hebu niambie, hii kampuni ikikosa tenda mwaka ujao, sisi tutaitwa nani?"

"Kampuni haiendi popote," Eugene anaingilia.

"Hata wa saruji alisema hivyo, ndugu yangu. Nilikuwa nimesimama karibu naye kama hivi nilivyo na wewe." Sauti yake imepanda. "Huku nje mwajiri ndiye amekupa kitanda, amekupa sare, ameshika kibali chako. Hata saa ya kula amekupangia. Hiki kiua ndicho kitu pekee nimevaa Doha ambacho sikupewa na mtu. Nilishona mimi. Na wewe ulishona, Hamza. Mbaya sana, lakini ulishona."

Wengine wanacheka. Hamza pia anacheka, kisha anapangusa macho kwa kiganja.

Laban anaweka mkasi mdogo katikati yao. Hapigishi kura ya mikono. Anayetaka kwenda aende kama watu wa Linas wanavyokwenda.

Hamza ndiye wa kwanza kuuchukua. Anafumua polepole, uzi mmoja mmoja, asitoboe kitani. Anamkabidhi Laban ua kwa mikono miwili. "Nisamehe, kocha. Ni vijana wa Umm Salal." Laban anamkumbatia, na wanakaa hivyo kitambo.

Baada yake wanafumua wengine sita. Eugene, ambaye alidhani anakuja kugawa jezi, amebaki kushika kifuniko cha katoni asijue aangalie wapi.

Wamebaki wanane, pamoja na Laban mwenyewe, ambaye goti lake lilimstaafisha zamani.

"Ligi inaruhusu tuanze mechi hata tukiwa saba," anasema akiinuka. "Tuna mmoja wa ziada."

Wiki iliyofuata ratiba haikuwa na huruma. Linas ilipangiwa timu mpya ya kampuni, Hamza na wenzake wakiwa wamejaziwa wafanyakazi wa kampuni. Wapinzani walishuka kwenye basi lenye kiyoyozi, kumi na mmoja wa ndani na wa akiba, Hamza akiwa mbele na kitambaa cha unahodha. Linas walifika kwa teksi mbili, na mmoja wao alitembea kutoka kituo cha mafuta.

Mwandishi huyu alikuwapo, na hatapaka mambo rangi. Walifungwa. Hadi mapumziko mabao yalikuwa manne. Kufikia dakika ya sabini yalikuwa sita, na Laban alikuwa anakimbia kwa mguu mmoja na kuomba Mungu kwa mwingine.

Refa, Mkenya mwenye roho nzuri, alisimamisha mpira akamfuata.

"Mzee, kanuni zinaruhusu tumalize hapa. Hakuna atakayewacheka."

"Dakika zimebaki ngapi?"

"Ishirini."

"Basi puliza filimbi tucheze ishirini. Nani alikuambia tumechoka?"

Zikachezwa zote. Karibu na mwisho Iddi Mwinchande, mhudumu wa mkahawa kutoka Unguja, alipora mpira kwa beki aliyekuwa ameshaanza kufikiria kuoga, akausukuma chini ya kipa. Wale wanane walishangilia mpaka watu wa uwanja wa jirani wakaacha mechi yao kutazama. Sita kwa moja, na ungedhani wamechukua kombe. Hamza alikuwa amesimama katikati ya uwanja ndani ya jezi yake mpya. Akapiga makofi, wa kwanza katika timu yake.

Mpira ulipokwisha, Eugene alikuja na ujumbe mwingine. Bosi amelegeza: ua linaweza kubaki, dogo, chini ya jina la kampuni.

"Msalimie sana," alisema Laban, akijimwagia maji kichwani. "Mwambie asante, hapana."

Marudiano ni Februari. Laban anataka kuwa na wachezaji kumi na mmoja kufikia hapo. Katika chumba chake cha dobi tayari wapo wawili wanaojisifu kwamba wanajua mpira, na kuna mpishi wa ghorofa ya pili anayesema alikuwa kipa. Laban akipata likizo mwakani anataka kwenda Webuye, akusanye vijana wa pale, nao wajichagulie jina ambalo hakuna mtu anaweza kulifungia lango.

Wakati tunaagana, mwandishi anapofunga kalamu, Laban anamwita.

"Wewe wa gazeti! Umeandika sita kwa moja?"

"Nimeandika."

"Sawa, andika tu, sikatazi, ni kweli tumepigwa." Anafunga kamba ya kiatu huku goti limemvimba. "Lakini usiniandikie timu ya dobi, wala timu ya Wakenya, wala timu iliyokataa basi. Tunaitwa Linas."