Meno ya Mwezi wa Nane

Severina alikuwa na miaka thelathini na minne, na katika picha zake zote, kuanzia ile ya Komunyo ya Kwanza, hakuna hata moja inayomwonyesha akiwa amefungua mdomo. Mtaani Ilomba, alikokuwa na cherehani yake kwenye kibaraza cha duka la mahitaji, wateja walidhani ni mwanamke wa maringo. Hawakujua. Huko juu, mahali pa chonge zake mbili, palikuwa na mapengo, na meno yaliyopakana nayo yalitoka madogo, yenye vishimo, rangi ya kahawia kama kokwa la parachichi.

Lakini alijua kuimba. Kwenye kwaya ya kigango alisimama mstari wa nyuma kabisa kwa hiari yake, na sauti yake ikawapita wote waliokuwa mbele, ikafika altareni kabla yao.

Mwezi wa tatu kwaya ilikwenda studio kurekodi nyimbo sita. Mmoja ulikuwa wa Hagari, yule mama wa jangwani aliyemlaza mtoto wake chini ya kichaka ili asimwone akifa. Severina aliuongoza peke yake. Aliimba mara moja tu, na fundi wa studio akavua spika za masikioni akasema hakuna cha kurudia.

Walipotoka nje, mwalimu wa kwaya, Liberatus, alimvuta pembeni.

"Dada yangu Severina, sauti ni yako, hilo hakuna wa kubisha. Ila video ni macho. Kamati inaona Jackline asimame mbele, awe anafanya mdomo tu. Sauti inabaki yako."

"Anafanya mdomo."

"Si ndivyo wanavyofanya wote? Hata wewe ungesimama pale ungekuwa unafuata sauti ya studio."

Jackline alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mpole, mwenye meno meupe yaliyopangana. Severina hakuwa na neno naye. Gauni ambalo Jackline angelivaa siku hiyo, Severina mwenyewe ndiye angelishona.

"Na nikiweka meno?"

Liberatus alijikuna shingo. "Video tunapiga mwezi wa nane, baada ya mavuno. Ukija na meno, nafasi ni yako. Nitasema mbele ya kamati, na shahidi Mungu."

Daktari wa meno mjini alikuwa dada mdogo kuliko Severina. Alimwangazia kinywani, akasema, "Hukuzaliwa hivi. Ulitolewa meno ya plastiki."

Severina alijua. Kwao wengi walijua. Mtoto mchanga akishikwa na homa na kuharisha, ufizi ukavimba kwa weupe, wazee walisema ameota meno ya plastiki, yatamuua. Aliitwa bibi mmoja mwenye spoku ya baiskeli iliyochongwa, akayachimbua. Vile vijimeno vyeupe vilivyotoka na damu vilikuwa mbegu za chonge.

Meno ya kudumu, daktari alisema, yangefika milioni mbili na zaidi. Severina alicheka kwa midomo iliyofungwa, kama alivyozoea. Basi yule dada akavuta karatasi, akaanza kumpangia kama mtu anayempangia ndugu yake: kwanza kusafisha, na hilo lifanyike sasa, mwezi wa sita kuyafunika yale mawili ya kahawia kwa dawa ngumu yenye rangi ya jino, mwisho kabisa meno mawili ya kuvaa na kuvua, yaliyoshikwa na kibao chembamba cha plastiki kinacholala kwenye kaakaa. Jumla laki nne na nusu, kwa awamu. "Usiende kwa wale wa kubandika na gundi," alisema. "Wanakuja kwangu baadaye wakilia."

Severina aliinakili mipango ile kwenye daftari lake la vipimo, kati ya kiuno cha mama mmoja wa Mbalizi na mabega ya bwana harusi. Sare za shule zililipa usafi. Magauni ya kwaya, ishirini na manne, yalilipa yale mawili ya kahawia, na siku alipotoka kliniki alisimama mbele ya kioo cha saluni moja mpaka mwenye saluni akamuuliza kama anasukwa au anapita.

Yalibaki meno yenyewe. Kwa hayo alikuwa na mpunga. Kila mwaka alikodi eka moja kwenye skimu ya umwagiliaji ya Madibira, mama yake Matilda, aliyehamia huko kutoka Iringa, akaisimamia. Mwisho wa mwezi wa saba alishuka huko.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Nimekuja kuuza mpunga."

Matilda aliacha kupepeta. "Nani anauza mpunga sasa? Kila mtu ana mpunga. Subiri mwezi wa pili, wenye magari wenyewe watakubembeleza."

"Mwezi wa pili umechelewa."

"Umechelewa nini? Kuna mgonjwa?"

Severina alimweleza. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akashika ungo tena, akapepeta hata pasipo na pumba.

"Meno," alisema. "Gunia kumi za bei ya kutupa, kwa ajili ya meno. Una mume wa kumwonyesha?"

"Mume nitampatia wapi, mama, na mdomo huu mlionitengenezea?"

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Yalikuwa maneno ya miaka mingi, na yalipotoka hayakumpunguzia kitu. Ungo ulisimama.

"Kaka yako," alisema Matilda taratibu, "aliharisha siku nne. Nikaenda zahanati, wakaniambia dawa hakuna, njoo Jumatatu. Jumatatu tulimzika. Ulipoanza wewe, sikungoja Jumatatu. Niliambiwa bibi fulani anatoa, nikakubeba. Nilikushika kichwa mwenyewe. Au ungetaka nikuzike na meno yako yote?"

Severina alikuwa na jibu, kwamba hayo meno hayakuwa ugonjwa, kwamba pengine angepona tu, kwamba daktari ameeleza. Lakini angelisemaje mbele ya mikono ile iliyomshika kichwa? Asubuhi Matilda mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita mnunuzi. Alibishana naye kwa ukali kuhusu lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita mdomo, akapata nyongeza ndogo, akamkabidhi binti yake pesa bila kuzitazama.

Siku nne kabla ya video, Severina aliingia mazoezini na meno yake.

"Weee! Miss Ilomba huyo!" alipiga kelele Anjela wa sauti ya pili. "Hebu cheka tuone."

"Siwezi kucheka bila sababu."

"Cheka tu, si umelipia?"

Walicheka, wakampigia vigelegele, na Jackline alikuwa wa kwanza kumkumbatia. Liberatus alitimiza ahadi. Kamati ikakubali, ila ikasema wapigwe wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama akiba. Severina hakuona ubaya.

Walipiga kwenye mashamba ya chai, Rungwe, ukungu ukiwa umeshaondoka. Spika kubwa ikawekwa majanini, na sauti yake ya mwezi wa tatu ikatoka, ikapanda kilima. Severina alisimama mbele. Alijua kila neno. Alinyoosha mikono pale palipotaka mikono, na alipolia machozi, yalikuwa machozi ya kweli. Waliporudi garini alijisikia kama mtu aliyelipa deni la mtu mwingine na sasa yuko huru.

Wiki mbili baadaye, Dastan, kijana aliyekuwa anaikata na kuiunganisha video ile katika chumba chake Mbalizi, aliwaita Severina na Liberatus.

"Mwalimu, mimi sipendi kugombanisha watu," alisema. "Tazameni wenyewe."

Akaweka ya Jackline. Binti wa watu alikuwa amefanya mazoezi ya miezi minne mbele ya kioo. Midomo yake ilifunguka pale sauti ilipofunguka, meno yakang'aa kwenye jua, na ungeapa kwamba kilio cha Hagari kinatoka kifuani mwake.

Kisha akaweka ya Severina.

Severina alijitazama. Sauti ilipanda, lakini mwanamke wa kwenye kioo cha kompyuta hakupanda nayo. Midomo yake ilifunguka kidogo, ikawahi kujifunga. Mahali pa "aa" ndefu, pale sauti inapopasua anga, mdomo wa juu ulishuka taratibu kuyafunika meno, kama mlango unaosukumwa na upepo. Alionekana kama mtu anayenong'ona huku mwenzake akipiga kelele mahali fulani nyuma yake. Yale meno, laki nne na nusu, gunia kumi, hayakuonekana hata mara moja.

"Si meno mapya?" Liberatus alijaribu. "Labda hajazoea. Tungeweza kurudia."

"Mpiga picha alishalipwa, mwalimu, na gari," alisema Dastan. "Na sidhani ni meno."

Severina alimwomba airudishe, akaitazama tena, na mara ya tatu. Alikuwa akimtafuta msichana wa Komunyo ya Kwanza ili amwambie afungue mdomo. Msichana hakusikia. Miaka thelathini alikuwa amefundishwa jambo moja tu, na alilishika barabara.

"Weka ya Jackline," alisema.

"Severina," alisema Liberatus, na nafuu ilikuwa imeshamwingia usoni kabla hajaificha. "Una moyo mkubwa. Mungu atakulipa."

"Weka tu."

Dastan aliivuta ya Jackline akaipanga juu ya sauti. Ilikaa sawasawa, neno kwa neno. Severina aliegemea mbele.

"Hapo," alisema. "Ubeti wa pili. Amevuta pumzi kabla ya 'mwanangu'. Mimi sikupumua hapo. Niliunganisha."

Dastan alirudisha nyuma, akatazama, akainua mabega. "Nani ataona, dada?"

Severina alifikiri.

"Hakuna," alisema. "Endelea."