Nilivyoilinda pete ya marehemu nikiwa nimevaa kilt isiyo na mfuko, Sumbawanga mpaka Matai

Wakuu, natumaini mko salama.

Haya yote nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyasikia kwa kisigino cha kushoto. Kisigino mtakielewa huko mbele. Sina nafasi ya kuongeza chumvi maana mke wangu yumo humu jukwaani, nikizidisha neno atanisahihisha mbele yenu.

Mimi ni dalali wa mahindi na maharage hapa Sumbawanga. Kazi yangu ni kushusha bei ya mtu mpaka aondoke akidhani yeye ndiye kanishinda. Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililoniponza.

Rafiki yangu Deo alikuwa anaoa Matai, mimi na mke wangu tukaombwa kuwa wasimamizi.

Bibi harusi anaitwa Skola. Mama yake alishafariki. Pete ambayo Skola angevishwa haikutoka dukani, ilikuwa ya marehemu mama yake. Baba yake aliitunza miaka yote hiyo, akamkabidhi Deo, Deo akanikabidhi mimi pamoja na yake mwenyewe mpya, zote kwenye kisanduku chekundu.

Ya Deo ikipotea unanunua nyingine. Ile ya marehemu ikipotea, sijui unaenda duka gani.

Sasa mavazi.

Deo aliona kwenye simu wanaume wa Scotland wamevaa ile sketi yao ya drafti, kilt, akasema harusi yake lazima iwe na kitu ambacho Rukwa haijawahi kukiona. Nilidhani atasahau. Hakusahau. Wiki hiyo hiyo, sokoni kwa Mama Tumaini, mama mmoja wa Mbeya anayeuza mitumba, belo likafunguliwa zikatoka nne. Nzito, marinda nyuma, vimikanda vya ngozi ubavuni. Yeye alishazipanga kama sketi za wanafunzi.

Kila moja ilikuja na kimkoba cha ngozi, mbele kina manyoya, tena kina mnyororo.

Nikamuuliza, "Mama, haya manyoya ni ya nini?"

"Vimekuja pamoja baba. Hiyo ni seti."

"Mimi nanunua nguo, sinunui mnyama. Ondoa hivyo, ushushe bei."

"Utakuja kuvitaka."

"Nikivitaka nitafuga."

Akaviondoa, akashusha. Nikaondoka na kilt nne, ya Deo, yangu na za binamu zake wawili, nikiwa nimeridhika sana na nafsi yangu.

Jioni tukajaribu nyumbani kwa Deo. Hapa ndipo palipo na kosa, na tulilifanya wanaume wanne wenye akili timamu. Tulijaribu juu ya suruali. Nani angevua suruali sebuleni mbele ya shangazi zake Deo? Tukafunga mikanda, tukageuka, shangazi wakapiga vigelegele, mimi nikaingiza mkono mfukoni nikatoa simu nikapiga picha. Hakuna aliyejiuliza ule mfuko ulikuwa wa nguo gani.

Siku ya harusi asubuhi, suruali ikabaki kitandani.

Baridi ya Ufipa mnaijua. Kwa mara ya kwanza niliwaheshimu wanafunzi wa kike wanaotembea kwenda shule mwezi wa sita. Nikachukua kisanduku cha pete, nikapeleka mkono mfukoni, mkono ukateleza mpaka gotini.

Nikarudia. Ukafika gotini tena.

Shati halina mfuko. Kizibao kina miwili, lakini ni ya urembo, fundi kaishona midomo. Mke wangu na mkoba wake walishatangulia Matai tangu jana yake, maana msimamizi wa kike alilala na bibi harusi. Ndipo nikakielewa kile kimkoba cha manyoya. Wakuu, mfuko wa hiyo nguo ndio ule. Niliuondoa mwenyewe ili nipunguziwe bei.

Noah ya kukodi ikaja kutuchukua mimi, Deo na binamu zake, dereva tusiyemfahamu. Nikamwambia apitie sokoni kwa Mama Tumaini. Pete nikazitoa kisandukuni: ya Deo soksi ya kulia, ya marehemu soksi ya kushoto. Zilikuwa soksi ndefu za mpira wa miguu, zinabana vizuri. Kisanduku kitupu nikakichomeka kiunoni, nyuma ya mkanda.

Jumamosi asubuhi sokoni, wenzangu wamebaki garini, mwanaume kashuka na sketi. Sikumaliza hatua kumi watu walishajaa.

"Baba, hiyo si ya shemeji? Yeye umemwachia nini?"

"Geuka tuone nyuma!"

"Mwacheni, kachelewa shule."

Nilikuwa natembea nacheka nao, kumbe kila baada ya hatua chache nainama kidogo kugusa soksi ya kushoto. Mimi ni mtu wa kuhakikisha vitu mara mbili. Gunia nalihesabu linapopanda na linaposhuka. Mkono ulikuwa unaenda wenyewe.

Vijana wawili wakatokea. Wamevaa vizuri, wanatabasamu.

"Kaka umetokelezea! Tupige selfie."

Mmoja akanikumbatia bega kama tumesoma wote. Mwenzake akachuchumaa.

"Hizi soksi umezipata wapi, kaka?"

Kwenye kundi lile lote, na mimi nimevaa sketi, yeye kaona soksi. Tena ya kushoto.

Nikaelewa kwamba sijaibiwa bado ila nimeshasomwa. Mkono wangu ndio uliomwonyesha njia.

Nikavuta mguu nyuma kama nakaa pozi la picha. Halafu, taratibu, kwa uso wa mtu mwenye wasiwasi, nikagusa kiunoni kwenye kisanduku. Nikatoa mkono. Nikagusa tena. Yule wa bega akanikumbatia kwa nguvu zaidi, tukapiga selfie, akanitakia ndoa njema, wakayeyuka.

Nikapeleka mkono kiunoni. Kisanduku hakipo.

Nimeuza vitu vingi maishani lakini kabla ya siku ile sikuwahi kuuza hewa. Nilifurahi kama dakika moja.

Mama Tumaini nikamkuta mezani kwake. Nikamwomba vile vimikoba, bei yoyote. Wanaonifahamu wanajua sijawahi kutamka maneno hayo.

"Vitatu nimeuza. Wadada wanavitaka kwa sherehe za sendofu."

"Na cha nne?"

Akasogeza khanga. Kilikuwa kiunoni kwake, mbele kabisa, mnyororo umezunguka, ndani kajaza chenji. Mikono yake yote miwili ilikuwa huru kupanga nguo.

"Hiki siuzi. Tangu nikivae hakuna mkono wa mtu uliofika hapa. Wewe si ulisema hununui mnyama?"

Nikarudi kwenye gari.

Tumetoka mjini, tumeshika barabara ya Matai, nikapapasa soksi kwa juu. Kulia, pete ya Deo ipo. Kushoto, hakuna kitu.

Nikapapasa tena. Hakuna.

Deo yupo pembeni yangu, anajipuliza pafyumu.

"Pete zipo?"

"Zipo."

Ndugu zangu, nimewahi kudanganya kuhusu uzito wa gunia, ila uongo ule ulikuwa mzito kuliko magunia yote. Nilirudia picha ya sokoni kichwani. Yule wa kuchuchumaa. Nilivuta mguu mapema au nilichelewa? Labda kisanduku alichukua mmoja na pete akachukua mwenzake, na mimi nilikuwa nacheka. Kuvua kiatu pale garini ilikuwa ni kumwambia Deo kwamba pete ya mama mkwe wake haipo, saa moja kabla ya ndoa. Nikakiacha mguuni. Nje mashamba yanapita, ulezi umeshavunwa, upepo unaingia chini ya sketi, na mimi jasho linanitoka.

Tukafika kanisani tumechelewa. Padri yuko mlangoni na watoto wa altare, kwaya imeshaanza. Nikashuka.

Mguu wa kushoto ulipokanyaga chini, kitu kigumu kikanichoma kisigino.

Nikakanyaga tena kuhakikisha. Kikanichoma tena. Sijawahi kupenda maumivu kiasi kile. Soksi ilikuwa imelegea, pete imeteremka na mguu mpaka kiatuni.

Maandamano yalikuwa yanaingia, hakuna nafasi ya kuvua. Nikaamua ibaki hapo hapo. Mwizi wa kuingia chini ya kisigino cha mtu mwenye kilo tisini hajazaliwa. Nilipita kanisa zima nachechemea. Mke wangu ananinong'oneza, "Una nini?" Namjibu, "Nalinda."

Padri akafika kwenye pete. Akanyoosha mkono. Mke wangu ananiangalia, anatafuta kisanduku.

Ya Deo niliitoa soksini bila shida. Ya Skola ilibidi nipige goti, nifungue kamba, nivue kiatu. Kuhusu kupiga goti ukiwa na kilt nitasema tu kwamba kuna mbinu yake na mimi sikuwa naijua. Kwaya walikuwa upande ule. Waimbaji wa alto waliacha kuimba.

Nikaipangusa pete kwa kizibao, nikaiweka mkononi mwa padri. Akaitazama, akanitazama, akaibariki. Nadhani aliibariki mara mbili.

Baada ya misa baba yake Skola akaniita pembeni. Nikajua sasa ndio nalipia. Mtu katunza pete ya mkewe miaka yote, halafu inatoka kwenye kiatu cha dalali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kwa nini kiatuni?"

Nikamweleza yote, kilt, kimkoba, soko, wale vijana. Mwishoni akatazama sketi yangu, akasema:

"Mama yake Skola kila akienda mnadani aliificha pete hiyo ndani ya unga wa ulezi. Siku moja nikala nayo ugali, almanusura nivunjike jino. Tulicheka mpaka usiku."

Akanishika bega.

"Sikuwa nimelikumbuka hilo siku nyingi. Asante."

Akaenda kukaa na wageni.

Dereva wa Noah naye aliposikia kisa akanionyesha suruali yake, mifuko sita, akasema, "Bro, mngenipa mimi." Nikamwambia ndio maana hatukumpa.

Nililojifunza ni kwamba mwizi haangalii mfuko wako, anaangalia mkono wako unaenda wapi. Ukishaficha kitu, kisahau. Na ukiambiwa ni seti, nunua seti. Mama Tumaini bado anavaa cha kwake, nikipita anakipiga makofi mawili, halafu ananisalimia.

Wakuu mnaovaa msuli, kanzu, magauni yasiyo na mifuko, nyie vitu vyenu mnaficha wapi? Karibuni mseme. Ila msieleze kwa undani sana, wezi nao wana bando.