Sungura Kijivu wa Bibi Skola

Siku yangu ya kwanza kazini, Makambako, nilivaa viatu vya visigino. Nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo, cheti kikiwa ndani ya bahasha ya kaki, na nilidhani ofisi ni ofisi. Afisa Mifugo wa Kata alinitazama miguuni, akanitazama usoni, akanipa mabuti ya mpira yaliyonizidi namba mbili na bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe. Jioni nilirudi na tope hadi magotini, midomo imepasuka kwa upepo. Vijana wanaokuja nyumbani kwangu siku hizi kuniuliza habari za sungura huanza kwa kucheka wakisikia hayo. Nami huwaacha wacheke.

Baada ya miaka kadhaa ya josho na chanjo, nilihamishiwa kituo cha uzalishaji mifugo nje ya mji wa Njombe, upande wa Uwemba, nikiwa fundi sanifu wa maabara. Mkuu wa Kituo alikuwa daktari wa mifugo, mrefu, mchache wa maneno, anayekunywa chai bila sukari na kudhani sote tunapenda hivyo. Kazi yetu ilikuwa kuzalisha viinitete, yaani mimba changa kabisa ambazo bado hazijajishikiza kwenye mji wa mimba. Tulianza na sungura kwa sababu ng'ombe ni mkubwa na ni ghali, na mkono unaotetemeka haufai kujifunzia kwa ng'ombe.

"Dada Mligo," aliniuliza asubuhi ile ya kwanza, "sungura jike huingia joto kila baada ya siku ngapi?"

Nikajibu upesi, nikihesabu kama wa ng'ombe.

"Umekosa. Sungura hana kalenda. Yai lake halitoki mpaka apandwe. Kupandwa ndiko kunakolitoa. Shika hilo, mengine utayajua taratibu."

Nililiandika kwenye daftari na kulipigia mstari. Mtaona jinsi lilivyonisaidia.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Jike alitengwa peke yake wiki tatu. Kisha alichomwa homoni pajani, ile inayotokana na damu ya farasi mwenye mimba, ili mayai mengi yakomae kwa mpigo badala ya machache. Siku ya tatu tulimpeleka kwenye kizimba cha dume. Dume hapelekwi kwa jike, maana ugenini hupoteza muda akinusanusa pembe zote. Wakishapandana, jike alipata sindano ya pili kwenye mshipa wa sikio, ya homoni iliyochujwa kutoka kwenye mkojo wa akina mama wajawazito. Mama mmoja wa kwaya yetu niliyemsimulia alifanya ishara ya msalaba. Siku tatu tena, tunampa nusu kaputi, tunafungua tumbo, tunasafisha mirija kwa maji maalumu ya uvuguvugu, na chini ya hadubini tunaviona viinitete, kama tunda la forosadi, ila vidogo mno. Tulivihamishia kwa jike mlezi, ambaye naye amechomwa sindano siku ileile ili mwili wake uwe tayari kupokea.

Bibi Skolastika wa Mahongole alitufikia na kikapu. Ndani mlikuwa na jike mkubwa wa rangi ya kijivu, na jina lake ndilo hilohilo, Kijivu. Marehemu mumewe alikuwa amefuga ukoo huo maisha yake yote, sungura wakubwa waliovumilia baridi yetu na kushiba majani ya kawaida. Ugonjwa wa tumbo ulipita bandani ukawafagia, wakabaki Kijivu na dume mmoja, ambaye naye aliletwa kituoni baadaye. Tatizo ni kwamba Kijivu aliumwa na mbwa akiwa mdogo, nyonga zikaunga vibaya. Uzazi wake wa kwanza watoto walikwama, nusura afe. Akibeba mimba tena, atakufa. Asipobeba, ukoo umekwisha.

"Kamwene, baba," alimsalimia Mkuu.

"Kamwene, mama."

"Nimesikia mnaweza kutoa mimba ya huyu ikabebwa na mwingine."

"Tunaweza kujaribu, mama."

"Na yeye mwenyewe atarudi?"

Swali hilo lilikuwa na maana yake. Sungura wengi wa kituo, kazi ikiisha, waliishia kwenye sufuria, na watu walijua.

"Atarudi," alisema Mkuu. Alisema hivyo akinitazama mimi.

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati ambapo Njombe unaamka asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu. Mkuu alikwenda Iwawa kikazi kwa wiki moja, akaniachia Kijivu. Nilimkuta amejikunja pembeni mwa kizimba akitetemeka, peke yake, mgeni, mlemavu. Moyo ukaniuma. Kizimba cha jirani kilikuwa na jike mweupe mpole, na mimi nikajiambia kwamba majike wawili hawana madhara, watapeana joto. Nikawaweka pamoja. Nilimwona mmoja akimparamia mwenzake, nikacheka, nikaenda kunywa chai. Kabla Mkuu hajarudi niliwatenganisha.

Wiki mbili baadaye tukamchoma Kijivu sindano ya kwanza. Siku ya kumpeleka kwa dume alilalia tumbo, akabana mkia, akaguna kwa hasira. Tulijaribu mara tatu. Mkuu akafungua jokofu, akazitazama chupa.

"Umeme ulikatika wiki iliyopita," alisema. "Dawa imeharibika. Ni mimi niliyepaswa kuangalia. Nitaandika hivyo kwenye taarifa."

Nilinyamaza. Bado sikuwa na hakika kwamba kosa ni langu, lakini nilikuwa na wasiwasi wa kutosha kufungua mdomo, na sikuufungua.

Kesho yake Kijivu alikuwa amejinyofoa manyoya ya kifua na kutandika kiota safi pembeni mwa kizimba. Mkuu alichukua fungu la manyoya vidoleni.

"Huyu ana mimba ya uongo," alisema. "Alipandwa siku kama kumi na saba zilizopita. Na dume hajamgusa."

"Nilimweka na jike mweupe, Mkuu. Kwa sababu ya baridi."

Majike wakipandana wenyewe kwa wenyewe, mayai hutoka bure, na mwili hujidhania una mimba kwa zaidi ya nusu mwezi. Sindano yetu ilikuwa imemwagwa tu. Kibaya zaidi, homoni ya farasi ikirudiwa mwili huitambua kama adui na kuipiga vita, na Kijivu alikuwa anazeeka. Nilikuwa nimeula karibu wote ule muda aliobakiwa nao.

"Kumwonea huruma sikulaumu," alisema Mkuu. "Nakulaumu kwa jana, uliponyamaza nikijitwika mzigo wako. Kesho nenda Mahongole. Usitume mtu. Kaa chini, umwambie mwenyewe."

Nilimkuta Bibi Skola akimenya viazi. Nilimweleza yote bila kupunguza. Hakuinua macho.

"Mliwaweka wawili?"

"Ndiyo, bibi."

"Wakapandana."

"Ndiyo."

"Ungeniuliza, mwanangu." Sasa aliniangalia. "Mbuzi ndio wa kuwekwa pamoja wapeane joto. Sungura jike ukiwaweka wawili, mmoja anajifanya bwana, halafu wote wananyofoa manyoya, watoto hakuna. Baridi ikija mimi namjazia kizimba maganda makavu ya mahindi, naweka na gunia mlangoni. Basi."

Nililia. Nilikuwa na cheti, daftari na mstari chini ya neno, na mama aliyeishia darasa la nne alikuwa akilijua jambo lile siku zote. Wala hakulificha. Hakuna kati yetu aliyemuuliza. Aliniwekea kiazi cha moto kiganjani.

"Kula. Tutarudia. Ila safari hii nakuja kukaa naye."

Alikuja na gunia la maganda, akafikia kwa ndugu zake Uwemba, na kila asubuhi alikuwa wa kwanza bandani. Tulisubiri mwili wa Kijivu utulie. Mkuu akabadilisha dawa: badala ya sindano moja kubwa, sindano ndogo sita za homoni nyingine, asubuhi na jioni, siku tatu. Bibi ndiye aliyemshika, akimsemesha Kibena, na Kijivu hakuruka hata mara moja. Kwa dume alikubali.

Siku ya upasuaji Bibi alikaa nje kwenye benchi. Mimi nilihesabu pumzi kwa sauti. Katikati ya kazi pumzi zilipungua, nikapandisha sauti, Mkuu akasimamisha mikono. Tulingoja. Kifua kikainuka, kikainuka tena. Majike wetu vijana walitoa viinitete zaidi ya ishirini. Kijivu alitoa saba, viwili vibovu. Vile vitano nilivihamisha mwenyewe, kwa jike mweupe yuleyule.

Siku ya thelathini na moja mweupe alizaa watoto watatu. Mmoja alikufa siku ya pili. Wawili waliobaki, jike na dume, walikuwa uchi na wekundu kama sungura wote wachanga, na tulichungulia kila siku kama watoto wa shule. Siku ya tano kivuli cha kijivu kikaonekana mgongoni. Kijivu mwenyewe alirudi Mahongole akiwa mzima, na akaishi vipupwe viwili zaidi.

Nilifanya mengi baadaye, hata kwa ng'ombe, na nilipanda cheo. Lakini tangu siku ile, mnyama yeyote aliyeletwa kituoni, nilikaa kwanza na mwenye mnyama na kumuuliza: anakula nini, anaogopa nini, baridi unamfanyaje. Wenzangu walinitania kwamba ninafanya upelelezi.

Sherehe ya kustaafu kwangu ilikuwa na hotuba ndefu, saa ya ukutani na vitenge. Bibi Skola hakuweza kusafiri tena, miguu ilikuwa imekataa. Alimtuma mjukuu wake na kikapu. Nilifunua. Jike mkubwa wa kijivu, peke yake, amezama kwenye maganda makavu ya mahindi.

"Bibi anasema huyu ni wako," binti alisema mbele za watu. "Na ukiwa na shaka, umuulize."

Watu walicheka bila kujua wanachocheka. Mimi nilitoka nje nikampigia simu palepale.

"Kamwene, bibi. Baridi imeanza huku. Nimjazie maganda kiasi gani?"

Nikamsikia akicheka, kicheko cha kizee chenye kikohozi ndani yake.

"Mpaka yaonekane masikio tu," alisema.