Matundu Kumi na Mawili ya Ukuta wa Baba

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa na dakika arobaini alasiri, nilipomkuta Bwana Tan akiunusa ukuta wa baba yangu. Alikuwa ameinama, pua karibu iguse rangi mpya nyeupe, na mvua ya wiki nzima ilikuwa imetupumzisha kidogo. Nikasogea nami nikanusa. Chini ya harufu ya rangi palikuwa na nyingine, ya udongo mbichi, kama ya mtungi uliokaa na maji siku nyingi. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mwaka 2009, Glenwood, mjini Durban. Nilikuwa na miaka kumi na minne na ndiyo kwanza nimetoka shule. Bwana Tan akaniomba penseli, rula na daftari. “Andika saa kwanza,” akasema. “Kipimo kisicho na saa ni uvumi.”

Ukuta huo ulikuwa nyuma ya gereji kuukuu ambayo kanisa letu la Warundi liliikodi na kuigeuza nyumba ya ibada. Kiwanja kilikuwa kwenye mteremko, na ukuta, mrefu kuliko mtu mzima, ndio uliozuia udongo wa juu usitushukie. Hatua tatu mbele yake palikuwa na chumba cha mbao cha watoto wa shule ya Jumapili. Baba, mwashi aliyejifunza kazi Buyenzi, Bujumbura, ndiye aliyesimamia ujenzi. Kila familia ilileta matofali yake na kujenga kipande chake, Jumamosi baada ya Jumamosi. Chini kabisa baba aliacha matundu kumi na mawili ya kupitishia maji, kama alivyofundishwa. Lakini siku ya ufunguzi ilipokaribia, matundu yale yalimwaga tope juu ya rangi nyeupe, na wazee wakaona aibu. Mzee Gaspard, mweka hazina, akasema wageni watakuta ukuta unatokwa na makamasi, kisha akamkumbusha baba mbele ya watu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nani angebishana na methali? Jumatano baba aliyaziba yote kwa saruji, akapaka rangi upya, na akasifiwa.

Bwana Tan alikuwa mpangaji wa ghorofa ya juu katika nyumba tuliyokodi vyumba viwili. Alizaliwa Vietnam, mtoto wa fundi cherehani. Akiwa na miaka kumi na mmoja alitoroshwa kwa mashua pamoja na shangazi yake, wakaishi miaka miwili katika kambi ya wakimbizi iliyokuwa kisiwani, juu ya kilima. Kazi ya watoto pale ilikuwa kuchimba mifereji kuzunguka vibanda kila mvua iliponyesha, na hapo, alituambia, ndipo alipoanza kusoma uhandisi, kabla hajajua kwamba una jina. Baadaye walipokelewa Montreal. Aliosha vyombo mgahawani mchana na kusoma hesabu jioni kwenye kitabu kilichokosa jalada na sura mbili za mwanzo, hivyo akalazimika kuzibuni mwenyewe. Mwenda pole hajikwai: alipata shahada akiwa na miaka thelathini na minne. Kazi za bandari ndizo zilizomleta Durban. Na baba alizungumza naye Kifaransa, lugha ambayo kila mmoja alikuwa ameipata ugenini au kwa wageni.

Ijumaa ile Bwana Tan alipigilia msumari juu ya ukuta, akaning’iniza timazi, kamba yenye uzito nchani, akaweka alama ya penseli chini mahali ncha yake ilipoelekea. Nikaandika. Jioni alimwambia baba kwamba maji yamenaswa nyuma ya ukuta na yanausukuma. Baba alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, akajibu kwamba wageni wanafika Jumapili na hawezi kubomoa kazi iliyokwisha kusifiwa. Niliona uso wake. Katika mji ambao vyeti vyake havikutambuliwa, ukuta ule ndio uliokuwa cheti. Bwana Tan hakubishana. Alisema tu, “Baba Chantal, kesho saa tatu tupime tena, mimi na wewe.” Chantal ni mimi, jina hilo la heshima alikuwa amelijifunza kwa mama.

Jumamosi saa tatu asubuhi ncha ya timazi ilikuwa imehama milimita sita: ukuta ulikuwa umeinamia upande wa chumba cha watoto. Baba aliipima mara tatu. Saa nne watoto kumi na tisa, mdogo wangu Yves miongoni mwao, walitarajiwa katika chumba kile kwa mazoezi ya kwaya. Baba aliniambia nikawazuie watoto barabarani, akaenda kuchukua nyundo na patasi. Mzee Gaspard alimkuta kwenye tundu la kwanza.

“Eish, Baba Chantal, kesho iko wageni, na wewe unachafua nyumba ya Mungu?”

“Mzee, niliziba mimi. Ninazibua mimi.”

“Na viatu vya watu?”

“Wageni iko na miguu ndani ya viatu,” mama akasema kutoka mlangoni. “Itaoshwa.”

Bwana Tan alichukua nyundo ya pili, akaanzia upande wa mwisho, ili wakutane katikati, kila mmoja akisimama pembeni ya tundu kama yeye alivyoagiza. Tundu la tano lilipofunguka maji yaliruka kwa nguvu, ya rangi ya chai, yakafika hadi kizingiti cha chumba cha watoto. Yalitoka mpaka adhuhuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, na baba alilisema hilo mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wazee. Kwa wiki mbili watoto walikaa ndani ya gereji na watu wazima, nasi tukapima kila asubuhi. Ncha haikuhama tena.

Bwana Tan aliondoka mwaka 2011, akaniachia vitabu vyake. Sikupata ada ya chuo, nikavisoma ukurasa kwa ukurasa, na leo watu wa miteremko huniita nikague kuta zao. Nina vifaa ambavyo yeye na baba hawakuwa navyo, na kwa kila ukaguzi nalipwa. Wao walifanya kwa kamba, na mmoja wao alilipa kwa sifa zake. Bwana Tan alifariki Montreal. Binti yake alipoandika, baba aliniomba nimsomee barua mara mbili.

Mwaka jana, kwenye harusi ya Yves, nilikaa meza moja na saba kati ya wale kumi na tisa: muuguzi, dereva wa lori, wawili wenye duka, wengine wenye watoto magotini. Niliwauliza wanakumbuka nini kuhusu ufunguzi ule. Walikumbuka soda, na Mzee Gaspard akiteleza kwenye tope. Nikawauliza kuhusu ukuta. Walitazamana.

“Ukuta upi, dada?”