Shikamoo ya Kulwa

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini mchana, siku ya Ijumaa, mjini Shinyanga, mwishoni mwa miaka ya tisini. Saa naijua kwa sababu niliiandika daftarini, na daftari hilo ninalo mpaka leo. Sinywi pombe, na siku ile sikuwa na homa. Kazi yangu ni kutengeneza mizani, na fundi mizani hujizoeza kutotaja uzito wa kitu kabla hajakipima. Hili nitakalokueleza nimelipima kwa miaka mingi, na kila mara mshale umerudi pale pale. Usiponiamini sitakulaumu. Lakini nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu yaliyonipata yalianza kwa neno moja tu, neno ambalo hata wewe umelitamka leo.

Kwanza ujue nilikuwa natafuta nini. Kampuni moja ya wageni, iliyokuwa ikitafiti dhahabu upande wa Geita, ilitaka mkalimani. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi iliyokwisha jalada, maneno kumi kila siku kwa miaka kumi na mmoja. Kusoma, nilisoma chochote. Shida ilikuwa masikio: nani wa kuzungumza naye? Nikaambiwa usaili ni Jumatatu, na mtihani wenyewe ni mmoja, mzungu atasema na wewe utatafsiri papo hapo. Wakati huo mizani ya pamba haikuwa ikiletwa kama zamani, na wanunuzi wa dhahabu walikuwa wameanza kutumia vile vimizani vya betri ambavyo vikiharibika hutupwa. Mke wangu alikuwa na mimba ya pili. Kazi ile niliihitaji kuliko kitu chochote.

Ndipo nikaikumbuka mikanda ya Mzee Nazir.

Mzee Nazir aliuza vifaa vya ujenzi. Miaka ya themanini, nilipokuwa kijana, chumba cha nyuma ya duka lake kilikuwa ukumbi wa video, kiingilio shilingi tano. Tuliletewa sinema za kuchekesha na sinema za maajabu. Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya wezi wawili, mmoja mrefu na mwingine mfupi, walioingia kwenye harusi kwa kujifanya ndugu wa bwana harusi. Ya pili ilikuwa ya mvulana aliyezama kisimani akatokea katika nchi ambayo mawe husema.

Kiingereza hatukukijua. Aliyetusemea alikuwa Kulwa, kijana wa pale pale mjini aliyenizidi miaka sita. Alisimama kando ya televisheni na hakuanza mpaka ukumbi mzima umwamkie. Tukisema shikamoo yeye hujibu, "Marahaba. Aliyeamkiwa ndiye anayesema, wengine fungeni midomo." Kisha kila sentensi aliianza kwa maneno yale yale: "Anasema hivi." Kwa mdomo wa Kulwa wale wezi walikuwa watu wa Isaka waliotoroka deni la punda, na jiwe linalosema alikuwa balozi wa nyumba kumi anayedai michango. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Baadaye Kulwa alikwenda Geita kuchimba. Duara, yaani shimo lao la dhahabu, lilimfukia akiwa na miaka ishirini na sita. Mwili ulitolewa ukaletwa nyumbani, na mimi ni mmoja wa waliotia udongo kaburini. Nalisema hili mapema usije ukadhani nilikuwa na shaka.

Asubuhi ya Ijumaa ile nilimwambia mke wangu ninakokwenda.

"Baba Minza," akasema, "wenzako wanajiandaa kwa kusoma, wewe unakwenda kucheka?"

"Nakwenda kusikiliza."

"Haya. Ukirudi na kazi nitacheka na mimi."

Nilimkuta Mzee Nazir ametoka msikitini. "Mikanda ipo," akasema, "ila umri wake na wa panya wangu ni mmoja. Na hiyo deki, ukiiua umeinunua." Akaniwashia, akarudi kukaa mlangoni kupima misumari. Chumba kilikuwa na mlango huo mmoja tu. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa bati tangu zamani, ndiyo maana mchana kweupe ndani mlikuwa giza. Yalibaki mabenchi mawili. Nilifuta vumbi la mbele nikakaa. La nyuma, lililoegemea ukuta, sikuligusa.

Nilichora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto nikaandika yale niliyoyakumbuka kwa Kulwa, kulia yale wanayoyasema kweli wale wezi. Zilipofika dakika kumi na tano nilikuwa nimepata jibu ambalo sikulitegemea: kushoto na kulia hapakufanana hata sentensi moja. Kulwa hakujua Kiingereza. Hakujua hata kidogo. Na kulikuwa na jambo lililonikaa vibaya zaidi. Pale wezi wanapojibanza ukutani, mahali tulipokuwa tukicheka kuliko kote, yule mfupi alikuwa akimweleza mwenzake kwamba mkewe ameondoka na yeye hana pa kulala. Nilikuwa nimemcheka mtu huyo miaka yote.

Nilikuwa naandika hilo, kichwa chini, niliposikia mtu nyuma yangu.

"Shikamoo, mkubwa."

"Marahaba," nikajibu, bila kuinua kalamu.

Niambie, wewe ungefanyaje? Ukiamkiwa unaitikia. Mdomo hauombi ruhusa. Nilikuwa nimefika mwisho wa mstari ndipo nikafikiri kwamba sikusikia mlango, na mlango ule ulikuwa na bawaba zinazolia kama mbuzi.

"Anasema hivi," sauti ikasema.

"Anasema hivi," ikarudia, taratibu, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Kisha mara ya tatu, na safari hii neno likageuka likawa swali.

"Anasemaje?"

Sauti hiyo niliijua. Nilitaka kugeuka, shingo ikagoma. Nisadiki, haikuwa woga peke yake, ilikuwa kama kuna kiganja shavuni. Nikabaki kutazama mbele. Wakati huo sinema ikaingia kwenye picha ya giza, wezi wamejificha chini ya meza, na kioo cha televisheni kikawa kama maji meusi. Nikajiona mimi na daftari langu. Nyuma yangu, kwenye benchi la ukutani, ameketi mtu, mikono magotini, amejaa vumbi jeupe mpaka kwenye nywele. Picha ikapata mwanga, akapotea. Tangu hapo kila picha ilipoanza kuwa na giza nilifumba macho.

"Kulwa?" nikasema.

"Huyo mfupi anasemaje?"

"Anasema... anasema keki ina chumvi."

"Na pale ukutani? Pale mlipokuwa mnacheka?"

"Anasema mkewe ameondoka. Hana pa kulala."

Mkanda ulikuwa ukikwaruza ndani ya deki.

"Mimi nilisema nini?"

"Ulisema anadaiwa punda."

Akacheka kidogo, puani. "Nilikuwa naangalia midomo," akasema. "Mdomo ukifunguka sana naweka tusi. Ukifunguka kidogo naweka deni. Sasa wewe mkubwa umeitikia. Sema."

Nikasema. Kwa zaidi ya saa nzima nilimtafsiria marehemu sinema ya wezi wawili, sentensi kwa sentensi. Nilipokwama, benchi la nyuma lililia na sauti ikaja karibu zaidi: "Anasemaje?" Nilipokosa neno mara ya pili, pumzi ilinigusa sikio la kulia, na pumzi hiyo haikuwa ya moto wala ya baridi. Nikaogopa kukwama mara ya tatu. Maneno niliyokuwa nimeyasoma kwa miaka kumi na mmoja bila kuyasikia yakaja yenyewe, na jasho langu likaloanisha ukurasa. Unajua kilichonitisha zaidi? Sikuwahi kutafsiri vizuri namna ile maishani mwangu.

Mwishoni wezi wanaachana njia panda. Mfupi anasema neno moja, mrefu anaondoka.

"Anasemaje?"

"Anasema, nashukuru ulikuja."

"Ni hayo tu?"

Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama mtoto aliyefungua boksi kubwa akakuta ndani yake boksi dogo.

"Ni hayo tu, Kulwa."

"Haya. Zamu yako, mkubwa."

Deki ikagonga, mkanda umekwisha. Kioo kikawa cheusi na mle ndani nilikuwa peke yangu. Shingo ikalegea. Niligeuka, nikalikagua benchi la nyuma kama ninavyokagua mizani, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Vumbi lake lilikuwa limetulia, halina alama ya makalio wala ya kiganja. Juu ya vumbi hilo palikuwa na sarafu moja ya shilingi tano, ya zamani, ile yenye pembe pembe. Yenyewe haikuwa na vumbi.

Mzee Nazir alikuwa bado mlangoni na misumari yake.

"Nani ameingia?"

"Aingie nani, nami nimeziba mlango? Nimekusikia wewe tu unasema peke yako. Nikajua unajifunza."

Nikamwonyesha sarafu. Hakuigusa. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Hicho ni kiingilio," akasema. "Unajua Kulwa hakuingia bure hata siku moja? Nilimwambia, wewe ndiye unayeniletea watu, usilipe. Akakataa. Alisema akiingia bure nitamwita mtumishi wangu."

Sasa, mimi si mtu wa kukubali jambo haraka. Mtoto huitwa Kulwa kwa kuwa ana pacha, Doto. Huyo sikuwahi kumwona, nilisikia tu kwamba anaishi Isaka. Vipi kama pacha ni mwanamume anayefanana naye, amekuja kunifanyia mzaha? Kesho yake nilipanda treni hadi Isaka kumtafuta. Doto nilimkuta stesheni akiuza dagaa. Alikuwa mwanamke, mnene, mwenye sauti nyembamba. Nilimweleza yote. Hakushangaa. Aliniuliza jambo moja.

"Nani alimwamkia mwenzake?"

"Yeye."

"Wewe ukaitikia?"

"Niliitikia."

Akaanza kufunga gunia lake. "Alikufa na miaka ishirini na sita, kaka yangu. Wewe una mingapi?"

"Thelathini na miwili."

"Basi hakukosea, wewe ndiye mkubwa wake sasa. Usiniletee mimi, baba. Mzigo umeupokea mwenyewe."

Jumatatu nilifika kambi ya kampuni saa mbili asubuhi, nimevaa shati la harusi yangu. Mtihani ulifanyika nje, kwenye kivuli cha hema. Mzungu mmoja mrefu alisimama mbele ya wachimbaji kama ishirini walioitwa kusikiliza. Kando yake alikaa ofisa Mtanzania mwenye kujua lugha zote mbili, ndiye wa kutoa alama. Nilikuwa mtulivu. Tangu Ijumaa nilijua kwamba naweza.

Mzungu akafungua mdomo. Nilisikia neno lake la kwanza, nikalielewa. La pili sikulisikia, kwa sababu nyuma ya sikio langu la kulia mtu alikuwa ameshaanza.

"Anasema hivi."

Na mdomo wangu, ule ule ulioitikia marahaba bila kuniuliza, ukafuata: "Anasema hivi. Huyu bwana amepotea njia. Tangu asubuhi anatafuta choo, na aliowauliza wote wamemwonyesha mlima."

Wachimbaji walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mzungu naye akatabasamu, akidhani salamu zake zimewafurahisha. Ofisa hakutabasamu. Nilijaribu sentensi ya pili. Niliuma ulimi ili ubaki kwangu, na damu niliionja, lakini yalitoka mambo ya punda. Ofisa akasimama, akawaeleza watu kilichosemwa: kuanzia siku hiyo mtu asiingie maduara ya zamani, udongo wake umelegea. Kisha akanigeukia, akasema kwa upole, "Mzee, nenda nyumbani."

Kulwa aliyekufa kwa kufukiwa ndiye aliyefunika onyo hilo kwa kicheko. Nimejiuliza sana kama alijua. Nadhani hakujua. Aliangalia mdomo tu, kama zamani.

Mke wangu hakucheka. Aliniwekea maji ya kuoga.

Mpaka leo kusoma Kiingereza nasoma. Kukisikia siwezi. Redio ikitangaza habari kwa Kiingereza, nyuma ya sikio la kulia huanza "Anasema hivi", na wakuu wa dunia wote wanadaiwa punda. Watoto wangu hunikuta nacheka peke yangu, machozi yananitoka, na hawajui kwamba vyote viwili ni vya kweli. Ile sinema sikuitazama tena. Ya mvulana wa kisimani sikuwahi kuirudia, na sitaki kujua mawe yalisema nini.

Wewe unayesoma, nakuachia hili tu. Ukiwa mahali penye giza, hata mchana, na mtu akakuamkia kwa nyuma, geuka umwone uso kwanza. Ataona huna adabu, na aone hivyo hivyo. Heshima utaiomba radhi baadaye. Marahaba ikishatoka hairudi.

Sarafu naiweka kwenye kijaluba cha mawe ya mizani. Nimeipima, uzito wake ni sawa na wa sarafu nyingine yoyote ya wakati ule. Katika maisha yangu yote, hayo ndiyo malipo pekee niliyopata kwa ukalimani: shilingi tano.